Mtoto mwenye usonji akipotea, kimbilieni mferejini kwanza

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenzangu wa Moshi, hasa sisi wa huku chini Mabogini tunaoishi katikati ya mifereji ya mpunga.

Mi nina mtoto wa kiume, ana miaka 8, ana usonji, yaani ubongo wake unakua tofauti na wa watoto wengine. Haongei, ukimuita jina hageuki, ila mziki wa redio hata ukilia nyumba ya tatu anausikia. Na maji ndo usiseme. Akiona maji yanatembea yanang'aa juani basi kasahau dunia, anatikisa vidole mbele ya macho anacheka mwenyewe.

Masika iliyopita, Jumamosi moja nilikua nafua nyuma ya nyumba, kugeuka hivi geti liko wazi. Nikapiga kelele majirani wakatoka, Mungu awabariki, lakini wote wakaelekea barabarani, wengine sokoni, vijana wa boda wakashika njia ya mjini, msikitini wakatangaza, yaani watu walijitoa kweli ila hakuna hata mmoja aliyeenda kwenye maji, na mimi mama yake ninayemjua sikuwaza. Nikapiga simu kituo kimoja cha polisi nikaambiwa watoto hua wanarudi wenyewe, nisubiri mpaka jioni. Jioni!

Aliyemuona ni bibi mmoja alikua anakata majani ya ng'ombe. Kamkuta amekaa pale maji yanapogawanywa kwenda mashambani, miguu iko ndani, na mfereji ulikua umejaa mpaka juu ya simenti. Bibi hakumpigia kelele, alimsogelea taratibu kwa pembeni huku anaimba mpaka akamshika kwapani. Nilivyomuuliza baadae kwa nini aliimba akanijibu, "Mwanangu, aliye ukingoni haitwi, anafuatwa." Na ndo ilivyo maana wangu ukimkimbilia anadhani ni mchezo, na yeye anakimbia, na mbele yake ni maji.

Nilivyomsimulia mwalimu wake wa kitengo cha elimu maalumu ndo akaniambia hii sio ya mwanangu peke yake. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia huko Marekani walipitia kumbukumbu za vifo vya kuanzia 1999 mpaka 2014, majibu wakayatoa 2017, wakaona watoto wenye usonji chini ya miaka 15 uwezekano wao wa kufa maji ni mara 160 ukilinganisha na watoto wengine. Hiyo ni Marekani, sasa sisi ambao mfereji unapita mlangoni? Wengi wa hawa watoto maji yanawatuliza, ila hatari yake hawaioni, na akizama hata kuita hawezi.

Kwa hiyo ninachoomba kwanza ni hiki. Ukisikia mtoto wa namna hii kapotea usianze kumuuliza mama alivaa nguo gani, watu wawili watatu wakimbie kwenye maji hapo hapo, mferejini, mtoni, kisimani, hata ndoo na simtanki lisilo na mfuniko, halafu ndo wengine waende barabarani na kupiga simu. Zimamoto na uokoaji ni 114, bure.

Mimi sasa hivi nimefunga kengele ya mbuzi kwenye geti. Watu wanacheka, wacheke tu, ikilia naisikia hata niko chooni. Picha yake nimeipeleka kijiwe cha boda na kwa wale wanaofungulia maji mashambani, maana wao ndo wanashinda mferejini, sio mwenyekiti. Na wale mnaosema kapagawa mumpeleke akaombewe, tumeshaombewa sana, asanteni, ila kengele imesaidia zaidi.

Kilichobaki ni kuogelea. Mwalimu anasema wanaweza kujifunza vizuri tu, anaanza kuelea chali, na akishazoea afundishwe siku nyingine akiwa na nguo na viatu, maana hakuna mtoto anayeangukia mferejini na chupi ya kuogelea. Tatizo sehemu ya kufundishia. Mifereji ina maji machafu na yanavuta, mabwawa ya hoteli mjini kiingilio ni hela ya unga wa wiki, na hoteli moja nilipojikaza nikaenda walitutoa kwa sababu mtoto anapiga kelele anasumbua wageni.

Lakini Jumatatu asubuhi mabwawa mengi hapa mjini hayana mtu, nimepita nimechungulia. Tupo wazazi watano huku, tuna mwalimu yuko tayari kuingia majini nao, tunaomba lisaa limoja tu kwa wiki. Mwenye bwawa akikubali amwambie mhariri, mimi nitafika na mwanangu na kandambili zake.

Mama Junior,
Mabogini, Moshi