Mama Glory, ile voisi yako imetuharibia Noah

Mama Glory mpendwa, Bwana asifiwe. Za Arusha, za Baba Glory na mguu wake, za watoto? Sisi huku Moshi tupo, mvua inanyesha inapojisikia, mama mkwe kashuka toka Marangu na mikungu ya ndizi hadi hatuna pa kukanyaga. Nisikuchoshe na salamu. Kilichonikalisha niandike badala ya kupiga (ukipigiwa hupokei, ukipokea uko Kilombero sokoni kwenye kelele) ni ile voisi uliyorusha kwenye grupu la kikoba usiku. Eti magari ya petroli yanapigwa marufuku, Marekani bunge limeshapiga kura, jamani kikoba tusinunue ile Noah ya abiria tutabaki na chuma chakavu. Halafu ukazima data ukalala! Ulilala wewe, sisi tulikesha.

Hujui ulichofanya. Mweka hazina kasema hela haitoki. Eliya, aliyeshaanza kuwaambia watu stendi "gari letu likifika", kanuna hasalimii. Mama Hosiana naye kama kawaida yake kaanza kusema alijua tangu mwanzo, wakati yeye ndiye aliyechagua rangi. Na Shirima, anayetuagizia gari, anapiga kila asubuhi anauliza tunalipia au hatulipii, maana gari likiwa Japani halimsubiri mtu, akija mwenye hela wa Zambia linaondoka.

Sasa nimekaa na Baraka wangu tukaisoma hiyo habari yote, sio kichwa cha habari tu. Kura ipo kweli, hapo hukudanganya. Ila umeishika miguu juu kichwa chini mwenzangu, walichopigia kura ni kuiondoa marufuku, sio kuiweka!

Ngoja nikueleze taratibu. Jimbo la California tangu enzi za moshi mzito wa Los Angeles lina ruhusa kwenye sheria ya hewa safi ya Marekani kujiwekea masharti ya moshi wa magari makali kuliko ya taifa, mradi liombe kibali serikali kuu. Mwezi wa 8 mwaka 2022 bodi yao ya hewa ikapitisha kanuni kwamba magari mapya yatakayouzwa kuanzia toleo la 2026 asilimia 35 yawe yasiyotoa moshi, 2030 iwe asilimia 68, na 2035 yote. Majimbo mengine kama New York na Massachusetts yakafuata. Kibali kikatoka Desemba 2024, Biden anafungasha mabegi. Akaingia Trump, na Mei 2025 bunge lao likakifuta hicho kibali. Baraza la Wawakilishi kura 246 kwa 164, na humo walikuwemo Democrats, chama cha Biden, 35 waliowaacha wenzao. Seneti 51 kwa 44, tarehe 22 Mei, Democrat aliyevuka upande ni mmoja tu, Elissa Slotkin wa Michigan, na Michigan ndiko viwanda vya magari viliko, kwa hiyo usishangae. Trump akasaini tarehe 12 Juni, na siku hiyohiyo California na majimbo wenzake wakaenda mahakamani.

Na kuna kitu kimenichekesha mpaka Baraka akanishangaa. Seneti yao mswada ukibishiwa unahitaji kura 60 kufunga mjadala. Hizo 60 watu wa Trump hawakuwa nazo. Basi wakatumia sheria ya 1996 inayoruhusu bunge kufuta kanuni za serikali kwa wingi wa kawaida tu. Mshauri wao wa kanuni za bunge akasema hicho kibali sio kanuni, hamuwezi kupita hapo. Ofisi ya ukaguzi ya bunge nayo ikasema hivyohivyo. Wakapita! Nikamkumbuka Mama Hosiana na katiba ya kikoba, theluthi mbili zikimshinda anasema "hili sio suala la katiba, ni dharura tu". Kumbe angefaa Washington.

Turudi kwenye Noah. Hata hiyo kanuni ingebaki, hata California yenyewe ingeshinda kesi kesho asubuhi, inagusa gari JIPYA linalouzwa dukani. Mwenye gari lake la petroli anaendelea kuliendesha, na kuliuza mtumba anauza. Ni kama wakataze kuuza vyungu vipya, hakuna anayeingia jikoni kwako kuvunja cha kwako. Na sisi lini tulinunua jipya Mama Glory? Hiyo Noah ina miaka mingi kuliko Glory, na Glory yuko sekondari. Tumeshakubali kulipia hadi ushuru wa uchakavu, halafu tunaogopa sheria ya magari mapya ya California!

Najua utaniambia Ulaya. Ulaya walipiga kura kweli, bungeni kwao 14 Februari 2023, 340 wakakubali, 279 wakakataa, 21 wakakaa kimya, kwamba 2035 mwisho wa kuuza gari jipya linalotoa kaboni. Wino haujakauka Ujerumani ikagoma mpaka wakaachiwa kidirisha cha magari ya mafuta ya kutengeneza kiwandani, yasiyotoka kisimani. Na Desemba 2025 Tume yao yenyewe ikapendekeza ilegezwe, isiwe asilimia 100, iwe 90. Sasa watu ambao hawajamaliza kubishana wenyewe ndio watunyang'anye sisi hesabu ya siku ya njia ya Marangu?

Kama unatafuta cha kuogopa kipo, ila hukukitaja. Hapo Ethiopia tu, wala sio mbali, mwanzoni mwa 2024 serikali ilitangaza hakuna tena kuingiza gari binafsi la petroli au dizeli, la umeme tu. Sio kwa sababu ya moshi sana, ni dola. Mafuta yanakula fedha za kigeni, na umeme wa mabwawa wanao. Sisi nasi mafuta tunaagiza kwa dola na bwawa la Nyerere tunalo, megawati 2,115. Hapo nakupa haki yako, nami nililiwaza usiku. Ila hapa kwetu bado hakuna aliyesema hivyo, na Noah tukiipakia vizuri inarudisha hela yake kabla hawajaamka.

Na la pili ni Japani kwenyewe, maana ndiko mitumba yetu inakotoka. Waziri mkuu wao wa wakati huo, Suga, alisema 2021 kwamba ifikapo 2035 magari madogo mapya yote yawe na umeme ndani, lakini haibridi, ile ya petroli na umeme pamoja, inahesabika. Kwa hiyo baadaye mitumba itakayokuja itakuwa haibridi nyingi, petroli tupu zitapungua. Fundi wetu wa Pasua anasema haibridi inakunywa mafuta kidogo sana ila betri ikifa unaweza kulia, na mafundi wanaoijua wanahesabika. Nilitaka niseme kitu hapa kuhusu Eliya kwenda kujifunza hayo mambo ya betri, lakini tuache, kwanza anune amalize.

Bajaji za umeme ulizoziona huko sizikatai, mwenye nazo haendi sheli na nasikia hesabu analala nayo vizuri. Ila panda nayo Marangu na abiria saba, magunia mawili na mbuzi, ndio uje unihubirie.

Ninachokuomba ni kimoja. Jumapili baada ya ibada tunapiga kura ya Noah, na katiba inataka theluthi mbili, bila wewe na wale wawili wanaokufuata hatufiki. Sikuambii ukubali, kama una sababu nyingine iseme, labda hela ya kodi ya Njiro imekubana, hiyo tutaielewa sote. Lakini ile voisi ya marufuku irekebishe kwenye grupu kwa mdomo wako, mimi nikisema watadai nampigia debe Shirima.

Unakuja Jumapili au unapiga kura kwa simu? Na hiyo habari nani alikurushia, ni yule shemeji yako wa Sakina? Baba Glory anasemaje, maana yeye ameendesha magari ya watalii miaka yote, anaona Noah itatufaa au tutafute Hiace kabisa? Mguu wameupiga picha? Na sufuria langu kubwa la kipaimara unalirudisha lini, au nalo limepigwa marufuku?

Nijibu leo, Shirima atapiga tena asubuhi.

Wako,
Mama Baraka, Moshi