Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: tupeni visima tuvisome

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo.

YAH: WANAFUNZI WA HAIDROLOJIA NA VIPIMO VYA MAJI DODOMA

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, nasomea haidrolojia, yaani sayansi ya maji ya mitoni na ya chini ya ardhi, na rasilimali za maji. Shangazi yangu kule Chamwino bado anawaambia majirani kwamba nasomea ufundi bomba, nami nimechoka kumsahihisha. Leo nakuandikia habari ya daftari.

Tulipokuwa mwaka wa pili, mwalimu alituchorea ubaoni kina cha maji katika visima vya Makutupora, kaskazini mwa jiji, vinavyotunywesha Dodoma miaka yote hii. Vipimo vinaanzia 1955. Mstari unashuka, unashuka, kadiri pampu zinavyovuta, halafu msimu mmoja unaruka juu. Mruko mkubwa kabisa ni wa mvua za El Niño za 1997/98. Nilikaa nikiutazama ule mchoro hadi darasa likaisha. Kumbe mvua zetu za kawaida, hizi za Desemba hadi Aprili, sehemu kubwa hurudi hewani kabla hazijayafikia maji ya chini ya ardhi. Kisima hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, ile inayofurisha makorongo na kukata barabara, watu tukabaki kulaani matope.

Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la kisayansi la Nature Climate Change. Yasingekuwapo kama miaka ya sitini, ya sabini, ya themanini, hakukuwa na mtu wa kwenda kisimani kusoma kina na kuandika namba daftarini, mwezi baada ya mwezi, bila kujua itamfaa nani.

Sasa sisi. Mafunzo yangu kwa vitendo niliyafanya katika ofisi moja ya maji, wiki nane. Nilipanga ankara, nikatoa kopi, nikatumwa chai. Kisima nilikiona mara moja, kwa dirisha la gari. Siwalaumu sana, hawakuwa na kazi ya kunipa. Nilipoanza utafiti wangu wa mwisho nikaomba vipimo vya mto mmoja mdogo, nikaambiwa njoo kesho, kisha lete barua, kisha kuna ada. Nilichopata ni karatasi zenye miezi mitupu katikati, tena ile ya mvua kubwa, ambayo ndiyo niliyoifuata.

Ombi langu ni hili: kila mwanafunzi wa haidrolojia anayekuja fildi katika ofisi za mabonde ya maji akabidhiwe kisima cha uchunguzi, kile cha kupimia kina cha maji, au kipimo cha mto, akisome kwa siku zake zote, na akiondoka amkabidhi anayefuata. Kinachohitajika ni tepu ya kupimia kina, daftari na nauli ya bodaboda. Vipimo hivyo tupewe bure kwa ajili ya masomo, kwa sababu tutakuwa tumevisoma wenyewe.

Najua utaambiwa kuna mitambo inayojisoma yenyewe. Ipo, na ni mizuri. Lakini betri huisha, na mafuriko hubeba chombo usiku uleule ambao namba yake ilihitajika. Na utaambiwa linakuja Bwawa la Farkwa, yanakuja maji ya Ziwa Victoria. Yaje hata kesho, tutashukuru. Ila Farkwa litategemea mto Bubu, na Bubu nao unahitaji mtu wa kuusoma kabla ya bwawa na baada yake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, na Mji wa Serikali wa Mtumba unaendelea kujengwa. Makutupora haiendi likizo.

Wazee wa Kigogo husema jina la mji huu limetokana na idodomya, pale tembo alipodidimia kwenye tope alipokwenda kunywa. Nimewahi kumuuliza mwalimu kama kuna mtu alipima kina cha tope lile. Alicheka, lakini hakunijibu.

Mvua zinaanza Desemba, Mheshimiwa. Darasani kwetu wapo walio tayari kukaa Makutupora msimu mzima, na mimi nimo. Tunachosubiri ni barua ya ofisi yako kwenda kwa wakuu wa mabonde, ili mlinzi wa geti atufungulie.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa nne,
Dodoma