Mnara wa Panya

Mwanangu mpenzi,

Huku nyumbani sote wazima, bibi yako anakusalimu sana. Ndani ya bahasha utakuta nakala ya mchoro mmoja, wa mnara uitwao Mnara wa Panya. Uliponiambia kwenye simu kwamba umechoka na wino kwa sababu ukikosea haufutiki, niliukumbuka huu, nikaenda mjini kuuchapisha siku hiyohiyo.

Aliyeuchora ni Victor Hugo, yule mwandishi wa Ufaransa, mwaka 1847. Watu humjua kwa vitabu, kumbe aliacha pia michoro ipatayo 4,000, mingi ya wino wa kahawia na mweusi. Aliuzimua wino kwa maji, akaumwaga, mara nyingine akatia kahawa au masizi, kisha akalifuata doa lilikokwenda. Kosa lako wewe, kwake lilikuwa ndio mwanzo wa kazi.

Mnara huo umo katikati ya mto Rhine, karibu na Bingen, Ujerumani. Hekaya inasema Hatto, askofu mkuu wa Mainz, alifungia nafaka ghalani mwaka wa njaa. Maskini walipozidi kumlilia, akawaita kwenye ghala kana kwamba atawagawia chakula, akafunga mlango, akatia moto. Wakipiga mayowe, yeye akasema ni panya wake wanalia. Basi wakaja panya wa kweli, maelfu kwa maelfu. Akakimbilia mnarani, wakaogelea, wakapanda, wakamla akiwa hai. (Wanahistoria wanasema mnara ulijengwa baada ya zama zake, ili kutoza ushuru vyombo vya mtoni.)

Hugo alisimulia kwamba utotoni, mtumishi Mjerumani alitundika juu ya kitanda chake picha ya mnara huu na kumpa hadithi yake. Kila usiku akishasali aliitazama, na akilala mnara ulimjia ndotoni, wa kutisha. Mwaka 1840, mtu mzima mwenye watoto, akaenda kuuona kwa macho yake. Ulikuwa gofu.

Sasa utazame. Panya hawamo. Askofu hayumo. Ni gofu, kiza na maji tu, lakini kwa kuwa nimekwisha kukupa hekaya, subiri kidogo uone jinsi maji yale yatakavyoanza kutembea. Hapo ndipo ninapompenda mchoraji huyu: hadithi ameiacha kwako, yeye amechora hofu yake. Na palipo na mwanga, hakupaka kitu. Ni karatasi yenyewe, aliyoiacha bila kuigusa.

Kuna jambo jingine. Septemba 1843, binti yake Léopoldine alikufa maji katika mto Seine, akiwa na miaka 19. Miaka minne baadaye ndipo baba huyu akachora mto mweusi namna hii. Mimi mzazi siwezi kuyatazama maji yale bila kumfikiria mtoto yule, na wewe, na zile jioni za kukatika umeme nilipokuwa nakuambia "Paukwa!" nawe unajibu "Pakawa!" huku umejificha kwenye khanga yangu. Lile zimwi la kisimani uliloliogopa hujalichora hata siku moja.

Nimekuwekea na chupa mbili za wino. Usizibanie.

Mama yako