Wanaojenga maabara waiangalie Salk

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Mi naishi huku California na hivi karibuni nilitembezwa kwenye taasisi ya utafiti ya Salk, ipo La Jolla, San Diego, juu ya genge linalotazama Pasifiki, na tangu nitoke pale nataka wahandisi na wachora ramani wa nyumbani wanisikie.

Jengo alichora Louis Kahn, likaisha 1965. Mwanzilishi ni Jonas Salk, yule wa chanjo ya polio ya sindano (yale matone tuliyotiwa mdomoni utotoni ni ya Albert Sabin). Wageni wengi wanafuata ule uwanja wa katikati, na kweli unapendeza mno, mawe matupu na kijimfereji cha maji kinachoelekea baharini, hakuna hata mti, maana Kahn alitaka bustani ila Luis Barragán, mchora ramani mwenzake wa Mexico, akamwambia asiweke mti wala nyasi, aache anga lionekane.

Ila kilichonishika mimi ni mabomba. Yaani kila ghorofa ya maabara juu yake kuna ghorofa nzima ya mabomba, nyaya na mitambo ya hewa, fundi anaingia anasimama wima anafanya kazi na chini watafiti wanaendelea na yao, halafu maabara zenyewe hazina nguzo katikati, mihimili mikubwa ya zege ndo imebeba kila kitu, kwa hiyo mtu akileta mashine mpya wanashusha bomba toka juu, wanahamisha kuta nyepesi, basi. Miaka 60 imeshapita na bado panafaa! Hata mbao za mtiki za madirishani zilipochakaa kwa hewa ya bahari hawakung'oa zote, walizikarabati na wataalamu wa Getty, taasisi ya uhifadhi wa sanaa na majengo ya Los Angeles, kazi ikaisha 2017 na nyingi za zamani zimebaki.

Nyumbani nimeshaona maabara iliyojengwa kama ofisi, kuongeza sinki moja tu mpaka ukuta utobolewe na kazi isimame, na hii inaniuma sana kwa sababu watafiti wetu wana akili ila jengo linawabana. Wizara na vyuo tafadhali, kabla zege halijamwagwa waulizeni watakaofanya kazi mle ndani mabomba yapite wapi. Na mchora ramani yeyote akipita San Diego aombe kutembezwa, ila aombe mapema.

Msomaji wenu, San Diego