Salamu za Krismasi: Atukute Tuko Zamu

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe!

Krismasi imefika tena, nami nawasalimu nyote kwa jina lake Yeye aliyezaliwa Bethlehemu. Nawasalimu ninyi ambao nyumba zimejaa wageni na vicheko, na ninyi ambao mwaka huu kuna kiti kimebaki kitupu mezani. Salamu zangu si fupi kama zile tunazorushiana kwenye simu, basi mnivumilie. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Wengi wetu huyachukua majuma yale manne ya Majilio kuwa ni ya kujiandaa na tarehe 25 Desemba, basi. Lakini sikiliza masomo ya Jumapili ile ya kwanza. Hakuna hori, hakuna malaika wanaoimba. Tunasomewa habari za Mwana wa Adamu ajaye mawinguni, na tunaambiwa tukeshe. Kanisa tangu zamani limezishika habari hizi mbili kwa mkono mmoja. Cyril wa Yerusalemu, askofu wa karne ya 4, aliwafundisha waliokuwa wakijiandaa kubatizwa kwamba Kristo huja mara mbili: mara ya kwanza alifungwa nguo za kitoto akalazwa horini, na mara ya pili atajivika nuru kama vazi.

Nikajiuliza: alipokuja ile mara ya kwanza, aliwakuta watu wakifanya nini?

Fungua Mathayo sura ya 2. Mamajusi wanaingia Yerusalemu wakiuliza alipozaliwa mfalme wa Wayahudi. Herode anafadhaika, anawakusanya wakuu wa makuhani na waandishi. Nao hawahitaji hata siku moja ya kutafuta jibu. Bethlehemu ya Uyahudi, wanasema, na wanataja maneno ya nabii Mika. Wamejibu sawasawa. Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kama kilomita 9, safari ya asubuhi moja kwa miguu. Mathayo hatuambii kwamba hata mmoja wao alifunga viatu akaenda kutazama. Wageni kutoka mashariki ndio waliokwenda. Wenye andiko walibaki na andiko lao.

Hapo pamenichoma, na nitawaambia kwa nini.

Kwa miezi kadhaa mwaka huu sikuwa nikizungumza na ndugu yangu wa tumbo moja. Kisa chenyewe ni kidogo kiasi kwamba nikikieleza hapa nitaona aibu. Katika miezi hiyo hiyo nilikuwa nikiomba, nikiimba, hata nikifundisha wengine juu ya kusamehe. Mistari ninayo kichwani, sura na aya. Ila ile simu sikuipiga. Kila jioni nilijiambia, "Tutaongea tu, siku zipo." Nilikuwa mwandishi wa Yerusalemu kabisa: najua pa kwenda, na siendi. Juma la pili la Majilio nilimpigia. Aliitika kwenye mlio wa kwanza, kana kwamba simu ilikuwa mkononi mwake muda wote huo.

Sasa watazame wachungaji. Luka anasema walikuwa makondeni, wakilinda kundi lao kwa zamu usiku. Neno hilo "zamu" nimelisoma tangu utotoni bila kusimama juu yake. Hawakuwa kwenye mkutano wa maombi, wala hakuna mahali tunapoambiwa walikuwa wakihesabu nyakati. Walikuwa kazini. Wengine wamelala, wengine macho, kwa kupokezana, ili mbwamwitu asichukue mwana-kondoo. Utukufu wa Bwana ukawaangazia hapo hapo, katikati ya kazi ya kawaida iliyofanywa vizuri wakati hakuna mtu anayetazama. Na mle hekaluni alikuwamo Ana, mjane aliyeishi na mumewe miaka 7 tu. Luka anataja miaka 84 ya mjane huyu, na anasema hakuondoka hekaluni, usiku na mchana yuko katika kufunga na kuomba. Siku mtoto alipoletwa, haikubidi mtu atumwe kwenda kumtafuta Ana. Alikuwa pale pale anapokuwa kila siku.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na taa ya chemni. Jua likiwa bado juu, kabla hata hatujafikiria giza, utamkuta ameketi na kitambaa laini, anafuta kioo kwa ndani, taratibu, akikipulizia pumzi na kukifuta tena mpaka masizi yaishe. Kisha anakata ncha ya utambi iliyoungua, anaisawazisha kwa mkasi, anatikisa taa karibu na sikio asikie kama mafuta yanatosha. Nilimuuliza mara moja kwa nini anafanya mapema hivyo. Akaniambia mafuta hayajazwi gizani, utayamwaga. Na kioo kikishapata moto hakishikiki. Nilikuwa mtoto, niliona ni habari za taa tu.

Leo nikisoma mfano wa Yesu wa wale wanawali kumi waliotoka na taa zao kumlaki bwana arusi, namkumbuka bibi. Tena kuna jambo ambalo wahubiri hulipita haraka: bwana arusi alipokawia, wote kumi walisinzia, wenye busara pamoja na wapumbavu. Yesu hakuwalaumu kwa uchovu. Hili linanipa faraja sana, maana wapo kati yenu waliochoka kweli, waliouguza wagonjwa mwaka mzima, wanaoomba jambo moja kwa miaka na mbingu zimenyamaza. Kuchoka si kuanguka. Waliofungiwa nje ni wale ambao mchana ulipita bila kutia akiba chomboni, na usiku wa manane hakuna wa kukugawia uaminifu wake.

Ndiyo maana sina haja na hesabu za tarehe. Mwaka 1844 huko Marekani, maelfu ya waamini waliofuata mafundisho ya William Miller walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba, na wapo walioacha mazao shambani bila kuvuna. Siwadharau, walimpenda na walilia kweli asubuhi yake. Ila Bwana mwenyewe alikwisha kusema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, wala Mwana, ila Baba peke yake. Akaeleza pia ni nani aliye heri: ni mtumwa "ambaye bwana wake ajapo atamkuta akifanya hivyo." Hivyo vipi? Akiwapa watu wa nyumbani mwa bwana wake chakula kwa wakati wake. Kazi ndogo kama hiyo ya kila siku.

Kama unaona anakawia, Petro anatuambia sababu: anavumilia, hapendi mtu yeyote apotee. Basi kila Krismasi tunayoongezewa ni nafasi kwa mtu fulani. Inawezekana ni mtu wa nyumbani kwako. Inawezekana ni wewe.

Naomba pia tuache kuzungumzia kurudi kwake kama fimbo ya kutishia watoto. Soma Luka 12:37 polepole. Bwana anarudi kutoka arusini, anawakuta watumwa wake wanakesha, na unangoja aagize maji ya kunawa na chakula. Badala yake anajifunga yeye mwenyewe, anawaketisha chakulani, anakuja kuwahudumia. Bwana kwa watumwa! Nimeusoma mstari huo mara nyingi majuma haya na bado sijauzoea. Yule aliyejifunga kitambaa akaosha miguu ya wanafunzi, yule aliyekubali kulazwa mahali pa kulishia mifugo, ndiye huyo huyo ajaye. Hatumngoji mgeni.

Nikiandika haya ni usiku, na mawazo yangu yako kwa wale ambao Krismasi itawakuta kazini: muuguzi anayepita kitanda hadi kitanda, mlinzi getini na koti lake, dereva aliye njiani, mama anayemwamkia mtoto mchanga kwa mara ya tatu. Mkiona hamkufika ibada ya mkesha, msihuzunike. Habari njema ya kwanza kabisa ililetwa kwa watu waliokuwa zamu.

Heri ya Krismasi, wapendwa wangu, na baraka za mwaka mpya ziwafikie wote walio chini ya paa lenu. Na kama kuna mtu hujampigia simu, hata sasa hivi hajalala.

Amina, na uje, Bwana Yesu.