Waathirika wa moto wapewe pia mbegu za maua

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodai kwamba bustani ya mboga ikiungua, dawa ni kulima upesi na kumwaga mbolea. Yangu iliteketea kwa moto wa nyika. Mipira ya kumwagilia kwa matone iliyeyuka ikagandana na udongo, ikabidi niibandue kipande kwa kipande, maana plastiki iliyoungua haifai kubaki kwenye tuta la mboga.

Maji nayo yaligoma. Ukimwagia, yanasimama juu kama shanga. Moto mkali huacha utando wa nta unaoyazuia kuzama. Nilikwangua juujuu kwa reki, nikatandaza majani makavu, nikanyunyizia kidogo kidogo. Na majivu msiyaongeze kwa pupa! Yakizidi, udongo hukosa tindikali na miche hudumaa.

Kilichoniinua ni majirani walioniletea mbegu za maua ya porini ya huku huku, kwenye bahasha za karatasi zilizoandikwa zilichumwa wapi na lini. Maua hayo huvuta nyuki, na nyuki wasipokuja, maboga huchanua na kupukutika bure. Tena baadhi ya mimea ya porini huota vizuri zaidi mbegu ikipata moshi, ajabu kweli. Pakiti za mchanganyiko za dukani sizitaki. Zinaweza kuleta magugu ya kigeni.

Msimu huu nami nagawa zangu. Wachumaji wasikombe shina zima, na wazikaushe kivulini kabla ya kufunga. Wanaopanga misaada ya waathirika waziweke mbegu hizi kwenye orodha, pamoja na majembe na mipira.

Mkulima wa mboga