Malalamiko: Mlango mliotuwekea unafunguliwa na jua, na fundi wenu amekata jicho la usalama

Kituo cha Kuoshea Magari,
Shangani, Mtwara.
6 Oktoba 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MLANGO WA UMEME KUFUNGULIWA NA MWANGA WA JUA, NA JICHO LA USALAMA KUKATWA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mwezi Juni mwaka huu niliwalipa shilingi 6,400,000 kwa mlango mmoja wa chuma unaojikunja juu, pamoja na mota yake na macho mawili ya mwanga, yaani vihisi vinavyotambua kitu kikikatiza mlangoni. Niliuhitaji kwa sababu ya kusi. Kituo changu kiko karibu na bahari na mlango wa kuingilia unatazama kusini, kwa hiyo upepo ukianza unaleta mchanga moja kwa moja kwenye gari lililokwisha kufutwa. Kijana anapiga polishi boneti, akigeuka kuchukua kitambaa anarudi anakuta chenga. Tulikubaliana kwamba gari likifika mlango ufunguke, likishaingia ujifunge. Kwa wiki kumi hivi ulifanya kazi namna hiyo na sikuwa na neno.

Mwishoni mwa Agosti ukaanza kufunguka wenyewe asubuhi bila gari lolote. Mwanzoni ilikuwa dakika tano, baadaye robo saa. Kufikia wiki ya tatu ya Septemba ulikuwa unafunguka saa kumi na mbili na nusu na haukubali kushuka mpaka saa moja na nusu. Siku ambazo upepo unatikisa mnazi wa jirani ni mbaya zaidi: kivuli cha makuti kikipita kwenye nguzo mlango unashuka nusu, unapanda, unashuka tena, hadi mota inachemka huwezi kuiwekea mkono. Watu wa hapa tukisema Mtwara kuchele tunamaanisha kumekucha, na saa hiyo ya kukucha ndiyo saa yangu ya fedha. Bajaji, teksi na magari ya ofisini yanataka yawe yameoshwa kabla watu hawajaingia kazini. Saa hiyo hiyo ndiyo ninayopigana na mlango wenu.

Nilipiga simu. Fundi wenu wa kwanza alifika saa tano asubuhi, akaujaribu ukakubali, akasema ni vumbi, akafuta macho kwa kitambaa akaondoka. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu ukafunguka.

Nikaanza kuandika kwenye daftari. Asubuhi tatu zenye mawingu mazito haukufunguka hata mara moja. Asubuhi ya jua nilimwambia kijana mmoja ashike kipande cha boksi ili kivuli kiangukie nguzo ya magharibi, mlango ukashuka. Akaondoa boksi, ukafunguka. Tulirudia mara kumi mbele ya madereva waliokuwa wanasubiri, na mara zote kumi majibu yalikuwa hayo hayo.

Macho yenu mliyaweka yakitazamana, moja kwenye kila nguzo, sentimita 60 kutoka chini. Moja linarusha mwanga tusiouona, jingine linaupokea. Gari likiukatiza, mlango unafunguka, na haushuki mpaka njia iwe wazi. Kwa kuwa mlango unatazama kusini, mstari wa mwanga huo unatoka mashariki kwenda magharibi. Jicho linalopokea mkalifunga kwenye nguzo ya magharibi, uso ukielekea mashariki, yaani linatazamana na jua linapochomoza. Jua nalo lina mwanga wa aina ile ile usioonekana, tena mwingi mno. Jicho likimwagiwa mwanga huo linapofuka, kama dereva anayemulikwa taa kali usiku: halikioni tena kimwanga kidogo cha mwenzake, linahesabu kwamba kuna gari limekatiza, na mlango unapanda.

Mwezi Juni hatukuliona hilo kwa sababu Juni jua huchomoza upande wa kaskazini mashariki, na jengo langu lilikuwa linaikinga nguzo. Karibu na tarehe 22 Septemba huchomoza mashariki kamili. Sasa linasogea kusini, kwa hiyo tatizo litapungua kwa miezi michache, na Machi litarudi pale pale. Naomba msije mkaniandikia Desemba kwamba limekwisha.

Kinachoniuma ni kwamba onyo limo kwenye kijitabu mlichoniachia wenyewe. Kuna picha ya jua na alama ya kukataza, na maelezo kwamba jicho linalopokea lisielekezwe juani, na kwamba halistahimili zaidi ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga) za mwanga wa jua. Jua la mchana mkavu hufika kama laksi 100,000. La asubuhi ni hafifu kuliko hilo, lakini likikuelekea usoni linaivuka 10,000 mapema sana. Aliyeweka mlango alikuwa na kijitabu hicho mkononi.

Nilijaribu kujisaidia. Nilikata bomba la plastiki la inchi 2, urefu sentimita 15, nikalipaka rangi nyeusi ndani, nikalivalisha jicho kama kofia. Ile saa nzima ikapungua ikawa robo saa, kwa sababu jua likiwa chini kabisa bado linachungulia ndani ya bomba. Kwa hiyo kofia pekee haitoshi kwangu, ingawa kituo kingine huenda ingetosha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike barua badala ya kupiga simu tena. Fundi wenu wa pili alikuja tarehe 26 Septemba, naye saa tano. Nilimwonyesha daftari, hakulisoma. Alifungua kisanduku cha mota, akazitoa nyaya za jicho, akaunganisha dairekti ili mlango uone njia iko wazi wakati wote, akanipa rimoti ya kufungulia. Akasema, "Mzee, sasa hautakusumbua." Hakuniambia kwamba kuanzia hapo mlango huo hauna kitu cha kuuzuia kumshukia mtu. Hakubadilisha hata ile saa ya ndani inayoushusha wenyewe baada ya sekunde 30.

Tarehe 29 Septemba kijana wangu alikuwa amechuchumaa chini ya mlango akisugua rimu ya kirikuu kilichosimama nusu ndani, nusu nje. Mashine ya presha ya kuoshea ilikuwa inanguruma, hakusikia mota. Mlango ulimshukia begani. Mwenzake aliruka akabonyeza kitufe cha dharura. Ametoka na mchubuko na bega lililovimba, amekaa siku nne bila kazi, nami nimemlipa siku hizo na matibabu. Ana miaka 20. Mama yake alikuja kituoni akauliza mwanawe alikuwa amefanya kosa gani, nikakosa la kumjibu, kwa sababu kosa halikuwa lake. Tangu siku hiyo nimezima umeme wa mlango, tunauinua kwa mnyororo, na mchanga unaingia kama zamani.

Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, mimi ndiye ninayewajibika kwa usalama wa vijana hawa. Siwezi kuwajibika nikiwa na mashine ambayo fundi wenu ameitoa kinga yake.

Ninachotaka ni hiki. Kwanza jicho la usalama lirudishwe kwenye nyaya zake, na fundi wenu yeyote asilikate tena kwa sababu yoyote. Kisha macho yabadilishane nguzo: linalopokea liende mashariki litazame magharibi. Jioni halitapata shida, maana upande huo kuna ukuta wa jirani wa mita 4 na jua likishuka linajificha nyuma yake; njooni mpime. Livalishwe na kofia ya kiwandani. Kazi ya kufungua mlango iondolewe kwenye macho kabisa, ipewe kihisi cha rada au waya wa kuzungushwa chini ya sakafu unaohisi chuma cha gari, kwa kuwa vyote viwili havijali mwanga. Yote haya yawe kwa gharama yenu, pamoja na matibabu na siku nne za kijana, jumla shilingi 145,000. Risiti nimeambatanisha pamoja na nakala ya daftari.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, na taarifa ya ajali nitaipeleka OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi.

Fundi mtakayemtuma alale Mtwara, awe kituoni saa kumi na mbili na robo asubuhi. Nitakuwa nimeshafungua.

Wenu,

Mmiliki wa Kituo